Juzuu ya Pili

Wiki ile Mkunga alipostaafu, mumewe alibandika karatasi kwenye mlango wa friji. Juu aliandika SAFARI kwa herufi kubwa, akapiga mstari kwa rula, kisha akapanga mambo yote kwa siku na kwa saa, kuanzia Jumanne ya kukagua matairi mpaka Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ambapo gari lingetoka getini. Hakuna aliyeshangaa. Alikuwa fundi saa. Kwa miaka thelathini na tano alikaa kwenye kibanda chake, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, akihesabu meno ya magurudumu madogo kuliko punje ya mchele. Mtu wa namna hiyo humwambii tutaondoka asubuhi asubuhi.

Safari ilikuwa ya siku tatu kwenda, kwa binti yao, mpima ardhi, aliyehamishiwa mbali kikazi mwaka uliopita na kupewa nyumba ambayo wazazi wake hawakuwahi kuiona isipokuwa kwenye picha za simu. Katika ndoa yao yote wawili hawa hawakuwahi kusafiri pamoja zaidi ya siku moja. Zamu za Mkunga hazikuruhusu; watoto wa watu huzaliwa saa wanayotaka wao. Sasa zamu zilikuwa zimekwisha. Jumatatu wenzake hospitali walimfanyia kikao cha kumuaga, wakampa blanketi na saa ya ukutani. Alifika nyumbani akicheka mpaka machozi, kwamba watu wazima na akili zao wamemzawadia saa mke wa fundi saa. Fundi naye alicheka, ingawa kabla ya chakula alikuwa ameshaifungua kuangalia ndani.

"Mizigo," alisema Jumanne jioni, akifuata karatasi yake kwa kidole. "Begi moja lako, moja langu. Kikapu cha chakula. Madumu mawili ya maji. Na hili," akaweka mezani boksi tupu la sabuni, "ni la vitabu vyako. Likifungika, sawa. Lisipofungika, kuna kitabu kinabaki."

Mkunga alilitazama boksi kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja bila taarifa.

"Boksi hili hata viatu halitoshi."

"Tunakwenda wiki tatu, Bibie, si miaka mitatu."

"Na wewe utasoma nini?"

"Mimi nitaendesha. Halafu nina kitabu cha gari."

"Kitabu cha gari ndicho unachosoma tangu tumeoana."

"Na gari limewahi kukuacha njiani?"

Lilikuwa limewahi, mara mbili, lakini Mkunga alinyamaza kwa ajili ya amani ya nyumba.

Kabati lake la vitabu lilisimama sebuleni kati ya dirisha na mlango wa chumbani, rafu tatu za mbao zilizopinda katikati kwa uzito. Alikuwa msomaji wa vipandevipande. Kazi ilimfundisha hivyo: kurasa nne wakati chai inapoa, mbili akisubiri daktari, tano ndani ya gari la wagonjwa likirudi tupu kutoka rufaa. Ndiyo maana kusoma garini hakukumletea kichefuchefu kama kinavyowapata wengine. Na katika miaka yote hiyo alikuwa akijiambia kwamba siku akistaafu atakaa mahali na kusoma sura nzima bila mtu kumwita.

Jumatano, Fundi alipotoka kwenda kubadilisha mafuta ya injini, alikaa chini kwenye mkeka, akateua vitabu kumi na tisa. Akavitia kwenye boksi. Vikaingia saba.

Akavitoa, akaanza upya, safari hii kwa utaratibu. Kitabu cha barabarani lazima kiwe na sura fupi, kwa sababu mwenzako atakuita utazame kitu dirishani, na ukirudi kwenye ukurasa usikute umepotea. Kitabu cha nyumba ya wageni kiwe cha polepole, cha kuleta usingizi bila kuudhi. Kiwepo kimoja cha kusoma kwa sauti. Fundi hakuwa msomaji, lakini akisomewa alikuwa moto: hadithi za upelelezi alizipenda kuliko zote, na angekukatiza kila aya akiuliza huyo askari alifika saa ngapi na mlango ulifungwa kwa komeo gani. Kisha kilihitajika kitabu cha gari kuharibika, na hicho kilitakiwa kiwe kinene kuliko vyote. Kwa kazi hiyo aliteua historia ya ujenzi wa madaraja, ambayo alikuwa ameinunua miaka sita nyuma na kuisoma mpaka daraja la tatu. Kundi hili la mwisho hakupanga kumweleza mumewe.

Ilibaki rafu ya chini. Pale palikuwa na vitabu vya kazi, na hivyo havikuwa vya kusafiri. Alikuwa amemwahidi mkunga kijana aliyechukua nafasi yake kwamba atampa vyote, na yule dada angepita kesho yake jioni kuvichukua. Mkunga alichukua kitambaa, akaanza kuvipangusa kimoja kimoja. Vyote vilikuwa na majalada ya karatasi ya kaki, kama madaftari ya shule, na mgongoni kila kimoja kimeandikwa jina kwa kalamu nyeusi. Kaki ilikuwa imechakaa, ikatoa vumbi la kupigisha chafya. Akaona ni aibu kumpa mtoto wa watu vitabu katika hali ile. Akaanza kuvivua.

Cha nne kilikuwa kimeandikwa Matatizo ya Uzazi, Juzuu ya Pili. Alipoivuta kaki, chini yake halikutokea jalada la kijani alilolitarajia. Ilitokea picha ya mlango mwekundu na mtu mwenye kofia amesimama mbele yake, mgongo kwa msomaji. Mpangaji wa Chumba cha Nne. Riwaya.

Alikifungua. Ukurasa wa kwanza, kwa wino wa bluu, mwandiko mwembamba uliosimama wima: Mali ya Sindano. Ukikiazima, kirudishe kabla sijakufuata.

Mkunga alibaki na kitambaa mkononi.

Sindano alikuwa rafiki yake. Walikutana chuo cha uuguzi wakiwa na miaka ishirini, wakapewa vitanda viwili vilivyotazamana, na kabla ya muhula kwisha chuo kizima kikawa kinawaita Sindano na Pamba, kwa sababu alipopita mmoja, mwingine alifuata. Sindano alikuwa mwembamba, mrefu, na ulimi wake ulichoma. Yeye alikuwa mfupi, mnene kiasi, na sauti ya taratibu. Baadaye walipangiwa hospitali moja. Sindano ndiye aliyesimama naye siku ya harusi, na ndiye aliyempokea binti yake duniani, akimkemea mama wakati huohuo kwamba anasukuma kama mtu anayeogopa kuvunja vyombo.

Riwaya ile Sindano aliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba karibu na stendi ya mabasi. Waliisoma kwa zamu: mwenzake akiwa kazini mchana, yeye anasoma; yeye akiingia zamu ya usiku, mwenzake anakikuta mezani. Ili matroni asiwashtukie, walikifunika kaki na kukiandika jina la kitabu cha kazi. Matroni mwenyewe alipita mara nyingi akamsifu Mkunga kwa bidii.

Kisha ukaja mtihani wa kupandishwa daraja. Walifanya wote wawili. Mkunga akafaulu, Sindano akaanguka, tena kwa alama chache, tena katika somo la matatizo ya uzazi. Wiki hiyohiyo Mkunga akapewa barua ya uhamisho. Kulikuwa na haraka, maboksi, mtoto mwenye homa. Alikimalizia kitabu siku ya mwisho, akakitia kwenye bahasha, akamwachia mlinzi wa getini ampe mwenzake. Baada ya wiki mbili ukamfikia ujumbe mkavu: Nirudishie kitabu changu. Akajibu: Nilishakurudishia. Ukaja mwingine: Hukurudisha. Naye, akiwa amechoka na ugeni wa mahali, akala kiapo. Akaapa kwa watoto wake, na akamtaja mlinzi kuwa shahidi. Hapo Sindano akanyamaza, na ukimya huo ulikuwa umefika miaka ishirini na mbili.

Sasa kitabu kilikuwa mapajani pake. Kama hiki kiko hapa, alijiuliza, mle kwenye bahasha niliweka nini?

Hakuhitaji kutafuta sana. Alivua kaki vyote vilivyobaki. Juzuu ya kwanza ilikuwepo, na ya tatu. Ya pili, ile ya kweli, haikuwepo. Tangu afaulu mtihani hakuwahi kuwa na sababu ya kuifungua, na kila alipotazama rafuni aliliona jina lake pale, mgongoni, limekaa mahali pake.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Wiki ileile mwenzake alipoanguka mtihani wa matatizo ya uzazi, yeye aliyefaulu alimwachia getini kitabu cha matatizo ya uzazi, bila hata salamu. Halafu akaapa.

Fundi aliporudi, mikono imejaa grisi, akitafuta kitambaa cha kufutia, alimkuta mkewe amekaa katikati ya kaki zilizochanika kama kuku aliyenyonyolewa.

"Kuna nini? Nani kafariki?"

"Hakuna aliyefariki. Njoo uone."

Alimweleza. Fundi alichuchumaa, hakugusa kitabu kwa sababu ya grisi, akakisoma kile kilichoandikwa ukurasa wa kwanza huku ameinamisha shingo.

"Kumbe alikuwa anasema kweli," akasema.

"Miaka yote hii nimekuwa nikisimulia watu kwamba Sindano alinisingizia. Nimewasimulia hata wanafunzi."

"Umenisimulia na mimi. Kila mwaka. Na kila mwaka unaongeza chumvi."

"Asante kwa kunikumbusha." Alikuwa karibu kulia, kisha akajikuta anacheka, kisha roho ikamsuta tena. "Yuko kwenye ule mji wa makutano. Ana duka la dawa. Niliambiwa siku ya kikao changu."

"Tunapita pale Jumapili."

"Najua. Ndiyo maana sitaki. Labda nimpigie kwanza."

"Simu anaweza kuikata," alisema Fundi. "Mlangoni itabidi akutazame."

Alinawa mikono, akachukua ufutio na penseli, akaenda kwenye friji. Mkunga alimsikia akifuta. Alipokwenda kuangalia, alikuta pameandikwa: Jumapili, saa nane mchana, Sindano, dakika 45.

"Dakika arobaini na tano za nini?"

"Kumi na tano za kupewa vidonge vyako. Thelathini za chai."

"Na akitufukuza?"

"Tutakuwa mbele ya ratiba."

Alhamisi yule mkunga kijana alikuja, akabeba vitabu vya kazi kwa mikono miwili, akashukuru mpaka mlangoni, hakuuliza juzuu ya pili iko wapi. Ijumaa boksi la sabuni lilifungika na vitabu sita, baada ya Mkunga kulikalia kidogo. Madaraja yalibaki nyumbani, maana yalichukua nafasi ya vitabu viwili, na aliamua kuliamini gari. Riwaya ya Sindano hakuitia kwenye boksi. Aliifunika tena kwa kaki yake ileile, akaigundisha palipochanika, akaiweka kwenye mkoba wa mkononi.

Jumamosi walitoka saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne, kwa sababu Mkunga alirudi ndani kuhakikisha jiko limezimwa. Dakika nne hizo Fundi alizitaja mpaka nje ya mji. Kisha barabara ikanyooka, pande zote mashamba, ukungu ukipanda kutoka kwenye mifereji, na akasahau. Mkunga alisoma upelelezi kwa sauti. Kufikia saa nne Fundi alikuwa amemkamata mhasibu. Kufikia saa sita akamwachia na kumkamata mjomba. Walikula mkate na mayai ya kuchemsha pembeni mwa barabara, milango imefunguliwa, miguu nje, na Mkunga akasema hakumbuki lini mara ya mwisho alikula mchana bila kutazama mlango. Muuaji alikuwa mhasibu. Fundi alidai alisema tangu mwanzo.

Jumapili Mkunga hakusoma. Alikishika kitabu cha sura fupi mapajani na kutazama nje, midomo ikicheza.

"Unasema nini?" Fundi akauliza.

"Najizoeza."

"Sema kwa sauti nisikie."

"Nitamwambia, dada yangu, nimekuja na aibu yangu mkononi."

Fundi alifikiri kilomita nzima. "Mno," akasema. "Mwambie umemletea kitabu."

Duka la dawa lilikuwa mtaa wa pili kutoka barabara kuu, chumba cha mbele cha nyumba ya matofali, ukuta wa rangi ya krimu, kaunta ya kioo na benchi moja la kusubiria. Nyuma ya kaunta alisimama Sindano katika koti jeupe. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote, na miwani imening'inia kifuani kwa kamba, lakini wembamba ulikuwa uleule na mgongo umenyooka vilevile. Alikuwa akimweleza mzee mmoja kwamba kijiko cha chai ni kijiko cha chai, si kile cha kupakulia mboga.

Aliinua macho, akawaona mlangoni. Uso wake haukubadilika.

"Kaeni kwenye foleni," akasema.

Walikaa kwenye benchi. Mbele yao kulikuwa na watu watatu. Sindano aliwahudumia wote bila haraka, akamrudisha mmoja kutoka mlangoni ili amrudie maelezo ya matone ya macho. Fundi alitazama saa yake, kisha akavuta mkono wa shati akaifunika.

"Anayefuata. Nikusaidie nini?"

Mkunga alisimama, akaweka kitabu juu ya kioo. Maneno yote ya barabarani yalikuwa yameyeyuka.

"Nimekuletea kitabu."

Sindano alivaa miwani, akasoma mgongo wake. Matatizo ya Uzazi, Juzuu ya Pili.

"Hiki ulishaniletea," akasema. "Ninacho."

"Ivue kaki."

Aliivua. Mlango mwekundu, mtu mwenye kofia. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaona mwandiko wake mwenyewe. Akapitisha kidole juu ya wino ule wa bluu. Nje pikipiki ilipita. Mkunga hakuweza kungoja zaidi.

"Nilichanganya. Vyote vilikuwa na kaki, vyote jina moja. Nilikutilia kile kingine kwenye bahasha. Sikujua mpaka Jumatano hii, nikipanga vitabu vya safari. Sikukudhihaki, Sindano. Naapa."

"Usiape!" Sindano akasema kwa ukali. "Wewe na kuapa muachane."

"Basi siapi."

"Uliapa kwa watoto. Mtoto niliyemtoa kwa mikono hii."

"Niliapa."

"Ukamtia na mlinzi wa watu kwenye mambo yako. Mzee wa watu alikuja kuniomba msamaha, hajui hata kosa lake!" Hapo sauti yake ilipanda, na vidonge vikafuata kwa mpangilio, kimoja baada ya kingine, na Mkunga akavimeza vyote bila maji. Vilichukua muda. Fundi, kwenye benchi, alijitahidi kutotazama mkono wake.

Kisha Sindano akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti.

"Nilipokifungua nililia siku mbili," akasema, sasa taratibu. "Siku ya tatu nikasema, kama Pamba ananiona mjinga, basi nitakisoma chote. Nilikisoma kwa hasira. Nilikisoma mpaka orodha ya picha. Mwaka uliofuata nikarudia mtihani."

"Nilijua," Mkunga akasema. "Nililiona jina lako kwenye orodha, la pili kutoka juu. Nilipiga makofi peke yangu ofisini, mhudumu akaja kuuliza kuna nini. Nikashindwa kukupigia."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimenuna."

"Hata mimi," Sindano akasema.

Wakatazamana, na aliyeanza kucheka hakujulikana ni nani. Sindano alitoka nyuma ya kaunta, akageuza kibao cha mlangoni upande wa IMEFUNGWA, akamkumbatia Pamba wake kwa nguvu mpaka mkoba ukaanguka. Baada ya hapo alimgeukia Fundi, akamwambia amezeeka, na kwamba aache kukaa kwenye benchi la wagonjwa kama mtu mwenye shinikizo la damu.

Sebule ilikuwa nyuma ya duka, yenye makochi mawili na meza iliyofunikwa kitambaa cha plastiki. Chai ilipokuja, Sindano hakuinywa. Alikuwa akipekua riwaya ile, mpaka akafika kwenye ukurasa wa mia moja themanini na nane, ambao kona yake ilikuwa imekunjwa.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo nilipoishia. Ilikuwa zamu yangu mwishoni mwa wiki ile."

Mkunga alimtazama asielewe. "Hukukimalizia? Tangu siku ile?"

"Ningekimalizia wapi? Hakikuuzwa tena. Na hata ningekiona dukani, nisingenunua cha pili wakati cha kwanza nimeibiwa." Alikunja uso. "Mpangaji ametoweka, barua yake imekuja, mwenye nyumba ameitia kwenye mfuko wa aproni. Aliifungua? Usiniambie! Ukiniambia nakufukuza."

"Sikuambii."

"Soma."

"Mimi?"

"Herufi zake ni kama mayai ya chawa, na wewe ndiye uliyekuwa ukinisomea bwenini. Soma."

Zilibaki kurasa hamsini na tatu. Mkunga alimtazama mumewe. Dakika arobaini na tano zilikuwa zimepita zamani, na nyumba ya wageni waliyoweka nafasi ilikuwa mbele bado, mwendo wa saa mbili. Fundi alitoa simu, akatoka uani, akarudi.

"Nimewaambia tutafika kesho," akasema, akavua viatu, akaketi kwenye kochi la pili. "Huyu mpangaji ni nani?"

Ilibidi kwanza asimuliwe. Wanawake wawili walimsimulia kwa pamoja, wakikatizana: mpangaji asiyesema anakotoka, barua zinazokuja kwa majina tofauti, mwenye nyumba mjane anayezipokea zote na kuzipanga kwenye kabati la vyombo. Fundi aliuliza mihuri ya posta ilikuwa ya tarehe gani. Sindano akasema hilo ndilo swali alilojiuliza yeye tangu mwanzo, na tangu dakika hiyo akamheshimu.

Mkunga alisoma. Sauti yake ilianza na mikwaruzo, kisha ikapata mwendo wake. Jua lilihama kutoka kwenye meza likapanda ukutani. Mara mbili mtu aligonga dukani, na mara mbili Sindano alikwenda kumhudumia mbio, akirudi na sharti kwamba asomewe upya mstari wa mwisho. Fundi alikaanga mayai, bila kuombwa, akiacha mlango wa jiko wazi ili asikose neno. Mwenye nyumba alitembea na ile barua mfukoni sura tatu nzima. Aliitoa mara nne. Mara ya nne aliishika juu ya mvuke wa birika, na Sindano akasogea mpaka ukingoni mwa kochi.

Katika ukurasa wa mwisho mwenye nyumba alivaa viatu vyake vya kutokea, akatembea mpaka posta, akamkabidhi karani ile barua, akasema mwenyewe amehama. Kisha akarudi nyumbani, akafungua madirisha ya chumba cha nne.

Mkunga akafunga kitabu.

"Endelea," Sindano akasema.

"Imekwisha."

"Geuza ukurasa."

"Nyuma yake ni tangazo la mchapishaji."

"Hakuifungua?"

"Hakuifungua."

"Miaka ishirini na mbili!" Sindano alisimama, akazunguka meza, akakaa, akasimama tena. "Miaka ishirini na mbili nimemngoja huyu mama aifungue barua, anakwenda kuirudisha posta! Wewe ulijua? Ulijua siku zote hizi na ukanyamaza?"

"Ungeniongelesha ningekuambia."

"Alifanya vizuri," Fundi akasema kutoka kwenye kochi lake. "Barua haikuwa yake."

"Nyamaza wewe, ulikuwa jikoni!"

Walibishana mpaka taa zikawashwa. Fundi alishikilia kwamba mtu haaminiki kwa sababu ya kutojua, anaaminika kwa sababu alikuwa na birika la kuifungulia na hakuifungua. Sindano akasema huo ni upuuzi wa mtu asiyewahi kupangisha chumba. Mkunga hakuchukua upande. Alikuwa na usingizi mtamu wa mtu aliyesoma kwa saa tatu mfululizo bila kuitwa, na alikaa akiwasikiliza, miguu juu ya boksi la sabuni ambalo Fundi aliliteremsha garini pamoja na mabegi.

Simu ikalia. Alikuwa binti yao, akitaka kujua wamefika wapi, maana kwa ratiba aliyotumiwa walitakiwa wawe wameshaoga.

"Tumelala njiani," Mkunga akasema. "Tuko kwa Sindano."

Binti akadakia. "Sindano yupi? Yule aliyekusingizia kitabu?"

"Hakunisingizia. Nitakueleza. Ngoja, anataka kukusalimia."

Sindano alikuwa ameshanyoosha mkono. Akamwuliza binti kama bado anakunja ngumi akilala, akamwambia alizaliwa na kilo tatu na gramu mia mbili, akitoka amenuna kama mtu aliyeamshwa mapema. Binti akacheka kwa sauti iliyojaa chumba. Kisha akauliza habari ya kitabu hicho kilichowagombanisha mama zake wawili, kilihusu nini hasa?

Mkunga alikusanya vikombe, akaenda navyo jikoni, akafungua bomba. Kupitia mlango ulioachwa wazi alimsikia Sindano akisimulia hadithi nzima tangu mwanzo, kwa madoido, mpangaji, mjane, kabati la vyombo, mfuko wa aproni, mvuke wa birika.

"Ikawaje?" sauti ndogo ya simu ikauliza.

"Ikawaje?" Sindano akasema. "Aliifungua, mwanangu. Akaisoma yote."

Mkunga aligeuka, mikono ina povu, akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akachukua kikombe kingine, akaendelea kuosha.